Msimu wa ligi ndogo za besiboli umeisha, sasa dogo unampimaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Septemba naanza kupigiwa simu na kuulizwa yaleyale, na washkaji wa hapa Columbus, Ohio ninakokaa, na ndugu walioko nyumbani ambao besiboli wameijulia kwenye tv usiku wa manane, na shemeji yangu mmoja aliyegundua kwamba kiwanja cha ligi ndogo ni sehemu nzuri ya kupeleka watoto alafu akaanza kujifanya mtaalamu. Nimechoka kujibu mmojammoja. Mepesi yako juu, magumu chini, kama Double-A unaijua tayari ruka sehemu ya kwanza.

## Kwa wageni kabisa

Ligi ndogo ni kama daraja la kwanza kwenye mpira wa miguu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanateleza. Kwenye soka timu ya chini ina maisha yake, inatafuta pointi ipande. Huku timu haipandi wala haishuki, anayepanda ni mchezaji. Kila timu ya ligi kuu, na ziko 30, inalea timu nne chini yake: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kwa hiyo jumla ni timu 120. Mshahara wa mchezaji unatoka juu, kocha anaajiriwa toka juu, na amri ya nani acheze wapi inatoka hukohuko juu. Zamani zilikua 160, 2020 msimu mzima ukafutwa kwa sababu ya korona, na ziliporudi 2021 zilikua zimeshapunguzwa. Chini ya hizo nne kuna ligi za kambini Arizona na Florida, na chini kabisa ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika ambako unakuta watoto wa miaka 17.

Mimi nina bahati ya kukaa Ohio. Dogo wa Cleveland anacheza Lake County akiwa High-A, anapanda Akron kwenye Double-A, anakuja Columbus kwenye Triple-A, yani anapanda ngazi tatu bila kutoka ndani ya jimbo na mimi namfata kwa gari.

Kwa hiyo timu ikichukua ubingwa wa ligi yake haina maana?

Kwa mashabiki wa mji ina maana, watoto wanafurahi, fataki zinapigwa. Kwa kumpima dogo mmojammoja, karibu sifuri. Kocha atamtoa mrushaji wake bora inningi ya tano (mechi ina inningi tisa, ndo vipande vyake) huku anaongoza kwa sababu juu wamesema asizidishe idadi ya mipira, ubingwa utajijua wenyewe.

Chipukizi ni nani, na anaacha lini kuitwa chipukizi?

Ni mchezaji ambaye bado anahesabika mgeni ligi kuu. Mpigaji akishafikisha zamu rasmi 130 huko juu (woki, yani beisi ya bure, hazihesabiwi humo), au mrushaji inningi 50, au yeyote akakaa siku 45 kwenye kikosi kinachocheza, ugeni umekwisha na jina lake linatoka kwenye orodha za machipukizi hata kama kachemka vibaya.

Mbona tathmini zote zinatoka mwisho wa msimu?

Sababu ya kwanza ni wingi wa mechi. Triple-A wanacheza 150, Double-A 138, zile mbili za chini 132, na mwezi mmoja mzuri wa Mei unaweza kukudanganya vibaya sana. Sababu ya pili ni kalenda: Novemba timu lazima ziamue nani anawekwa kwenye orodha ya watu 40 ya ligi kuu ili asiibwe (angalia swali la Rule 5 huko chini). Ukiona timu inamsifia dogo ghafla Oktoba, jua vikao vinaendelea.

## Kusoma namba za wapigaji

Nikifungua takwimu za dogo nianze na namba gani?

Umri. Kabla ya homurani (mpira uliopigwa ukavuka uzio), kabla ya averegi (sehemu ya zamu rasmi alizopiga akafika beisi salama, yani hiti), kabla ya kila kitu, angalia ana miaka mingapi na yuko daraja gani.

Fikiria kijana wa kidato cha nne anacheza na watoto wa darasa la saba. Akifunga mabao matano utashangaa? Sasa mtoto wa darasa la saba akaingia kwenye mechi ya kidato cha nne akafunga moja, akapiga mtambaa panya, akakimbia na mabeki bila kuanguka, huyo ndo unamuuliza mama yake anaitwa nani. Besiboli ni vilevile. Kwa makadirio ya haraka haraka Single-A umri wa kawaida ni 20 au 21, High-A ni 22, Double-A 23 hivi au 24, na Triple-A imejaa watu wazima wa 26 na kuendelea, wengine wameshaonja ligi kuu wakarudishwa. Dogo wa miaka 19 mwenye namba za wastani tu Double-A namweka juu ya mzee wa miaka 24 anayeongoza ligi kwa homurani High-A, na sina haja ya kufikiria mara mbili.

Umri wenyewe si wanadanganya kama kwenye soka letu?

Imewahi kutokea sana, hasa kwa vijana wanaosainiwa nchi za Karibi wakiwa na miaka 16, na ndo maana siku hizi uchunguzi wa vyeti ni mkali. Ila ukisikia mwaka mmoja tu unabadilisha hesabu zote usione watu ni wehu. Sababu ni hiyo ya swali la juu, umri ndo msingi, ukitikisika nyumba nzima inacheza.

Michael Jordan alicheza ligi ndogo, naye alikua chipukizi?

Hili naulizwa kila mwaka, kila mwaka! Ndio alicheza, 1994, Birmingham Barons, Double-A ya White Sox. Alipiga .202, yani mara mbili na kidogo tu katika kila kumi, homurani 3, straikauti (kutolewa kwa straiki tatu) 114, akaiba beisi 30. Na alikua na miaka 31. Ukipima kwa umri na daraja hakua chipukizi hata kwa dawa.

Lakini mimi namtetea. Mtu hajashika gongo la maana tangu sekondari, unamtupa Double-A ambayo ndo ngazi ngumu kuliko zote kupanda, maana ndo mara ya kwanza unakutana na warushaji wanaoweza kurusha mpira wa kukunja wakati wowote wanaotaka na wengi wao wana mpango. Wanaume waliozaliwa na gongo mkononi wanafia hapohapo kila mwaka. Mtu kutoka kikapu kupiga .202 pale ni maajabu, mnacheka nini?

Kwa nini unaangalia straikauti na woki kabla ya homurani?

Kwa sababu ndo vitu vinavyotulia mapema na vinavyosafiri na mchezaji akipanda. Straikauti ni pale mpigaji anatolewa kwa straiki tatu, woki ni pale anavumilia mipira minne mibaya anapewa beisi ya bure. Asilimia ya straikauti inaanza kusema ukweli baada ya zamu 60 hivi tu, woki kama 120. Averegi inahitaji misimu.

Dogo akiwa anatolewa kwa straikauti zaidi ya asilimia 30 kule Single-A, mimi homurani zake nazitazama kwa jicho la pembeni. Huyo anapigwa na mpira wa kasi ya kawaida wa watoto wenzake, akikutana na wakubwa itakuaje? Mfano unaoniuma ni Brandon Wood wa Angels. 2005 alipiga homurani 43 kwenye California League, ligi ambayo enzi hizo ilikua pepo ya wapigaji kwa upepo na hewa kavu ya jangwani, watu wakamtangaza mfalme ajaye. Straikauti zilikuepo, watu wakasema ataziacha ukubwani. Ligi kuu alimaliza na averegi ya .186 na homurani 18 kwa maisha yake yote huko.

Upande wa pili yuko Steven Kwan wa Cleveland, tuliyemuona hapa Columbus. Mdogo wa mwili, raundi ya tano ya drafti ya 2018 (siyo ile drafti ya kijiweni, hii ni mgao wa wachezaji wapya), hakuna aliyemuimba. Ila alikua hakosi mpira. 2021 kati ya Akron na Columbus straikauti zake zilikua chini ya asilimia 10, na akavuta woki karibu sawa na hizo. Alivyoingia ligi kuu Aprili 2022 alirushiwa mipira 116 ya kwanza bila kuzungusha gongo na kukosa hata mara moja. Mimi nilikua nimeshamuona yuko vile tangu mwaka uliopita na bado sikuamini, kwa sababu nilikua nahesabu homurani kama nyie.

Averegi ya .330 si inatosha kusema dogo anajua?

Haitoshi. Kuna kitu kinaitwa BABIP, kinahesabu mipira iliyochezwa ndani ya uwanja tu, kwamba katika hiyo ni mingapi ilidondoka salama. Kawaida inazunguka .300. Dogo mwenye averegi ya .330 na BABIP ya .410 ana miguu ya moto, au amecheza dhidi ya walinzi wabovu (na ligi za chini walinzi ni wabovu kweli, nimeona shotistopu, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, anatupa mpira mpaka kwa muuza popcorn), au ana bahati. Msimu ujao sehemu kubwa ya hiyo inarudi kwa mwenyewe. Mwenye .250 na BABIP ya .240 huku straikauti zake chache, huyo mie namnunua.

Kiwanja kinabadilisha nini?

Mengi sana. Pacific Coast League, ambayo ni Triple-A ya magharibi, ina Albuquerque, Reno, Salt Lake, Las Vegas, El Paso, miji ya juu au ya jangwani, Albuquerque peke yake iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mpira ukipigwa hewa nyepesi inausindikiza na mipira ya kukunja haikunjiki vizuri. ERA (magoli anayoruhusu mrushaji kwa kila inningi tisa) ya ligi nzima mara nyingi inazidi 5. Kwa hiyo homurani 25 za kule siyo 25 za Columbus, sisi tuko International League, Aprili hapa mpira unapigwa kwenye baridi unaanguka kama kifurushi.

Rahisi ni kutumia wRC+, hiyo inalinganisha mpigaji na wastani wa ligi yake, 100 ni wastani, 130 ni mtu mzuri. Haijui umri lakini. Umri utaongeza mwenyewe.

Beisi za kuiba zimekua nyingi hivi, madogo wote wana mbio siku hizi?

Sheria zimebadilika. Mrushaji sasa anaruhusiwa kujaribu kumnasa mkimbiaji mara mbili tu, akijaribu ya tatu akamkosa mkimbiaji anasogea bure, na beisi zenyewe zimeongezwa ukubwa. Beisi 40 za leo siyo 40 za kaka yako. Angalia amejaribu mara ngapi na amekamatwa mara ngapi.

## Warushaji, ambao ni maumivu ya kichwa

ERA ya 2.10 ni nzuri, mbona timu haimpandishi?

Kwa sababu inawezekana anawadanganya watoto. Ligi za chini kuna mtu wa aina moja utamkuta kila mwaka, ana miaka 23, alisoma chuo, anarusha maili 89, ana mpira mmoja wa polepole unaofanana na wa kasi mpaka ufike, na madogo wa miaka 19 wanazungusha gongo mapema kama wanafukuza nyuki. Straikauti kibao, ERA ya kuning'iniza ukutani. Akifika Double-A wapigaji wanasubiri, anaanza kupigwa.

Mimi naangalia straikauti zake kwa asilimia nikatoa woki zake, ikibaki 20 hivi huyo ni habari. Alafu naangalia kasi. Mpira wa kasi wa wastani ligi kuu ni maili 93 au 94, kilomita 150 kwa saa. Siyo lazima aufikie akiwa na miaka 19, ila lazima nione unatoka wapi, mwili utaongezeka au ndo umeshamaliza.

Inningi chache ni dalili mbaya?

Siyo lazima, siku hizi zinapangwa. Tangu 2021 ratiba ni mechi sita na mpinzani mmoja, Jumanne mpaka Jumapili, Jumatatu mapumziko, kwa hiyo mrushaji anaanza mara moja kwa wiki tu. Alafu timu inaongeza mzigo kidogo kidogo, aliyerusha inningi 70 mwaka huu hatarushwa 150 mwakani. Kinachonisumbua ni kasi kushuka. Agosti moja nilikaa nyuma ya beisi ya nyumbani pale Dayton, kuna dogo mmoja inningi ya kwanza ubao uliandika 96, 95, 96, watu wakasimama. Inningi ya nne 93. Ya tano 91, na akawa kila akimaliza kurusha anajikunja mkono anaushusha chini taratibu kama mtu anayeshusha ndoo. Kocha akatoka. Takwimu za siku ile zilisoma inningi 4 na kitu, goli moja, straikauti 6, safi kabisa. Aliyeangalia box score, yani karatasi ya takwimu za mechi, alimpongeza, mimi nilirudi nyumbani nimenyongea.

Akifanyiwa operesheni ya kiwiko nimfute?

Usimfute. Tommy John, jina limetokana na mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974 na daktari Frank Jobe, siku hizi ni kawaida na wengi wanarudi baada ya miezi 12 mpaka 18. Kasi huwa inarudi mapema, kulenga ndo kunachelewa, kwa hiyo msimu wa kwanza woki zikiwa nyingi mvumilie. Bega ndo baya. Brien Taylor, namba moja wa drafti ya 1991 kwa Yankees, aliumia bega kwenye ugomvi Desemba 1993 na hakugusa ligi kuu maisha yake yote.

## Macho na mashine

Ile alama ya 20 mpaka 80 inasomwaje?

Ni kipimo cha maskauti, wale wazee wa kofia na bunduki ya kupimia kasi, siyo vijana wa skafu. 50 ni wastani wa ligi kuu, siyo wa ligi ndogo, hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Kila hatua ya 10 ni ngazi nzima, 60 ni mzuri kwelikweli, 70 wachache, 80 unawahesabu kwa vidole. Mpigaji anapimwa vitu vitano: kupiga, nguvu, mbio, kudaka na mkono. Na kila kimoja kinapewa alama mbili, ya leo na ya atakavyokua. Ukisoma "nguvu 40 leo, 60 baadae" hiyo 60 ni maombi yenye msingi, lakini ni maombi.

Takwimu za Statcast za ligi ndogo zinapatikana?

Statcast ni mfumo wa kamera unaopima kasi na mwendo wa mpira. Triple-A zote zinapatikana kwa umma tangu 2023, na Florida State League ya Single-A ilitangulia. Kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo ndo napenda, kuanzia maili 95 unahesabiwa umepigwa kwa nguvu, na dogo aliyewahi kufikisha 110 hata mara moja ameshaonyesha injini ipo.

Mfano. Jioni moja hapa Huntington Park dogo mmoja alimaliza 0 kwa 4, yani zamu nne bila hiti. Zamu ya kwanza alirushiwa mipira tisa, akakata minne pembeni, wa mwisho akaupiga ukaenda moja kwa moja kwenye glavu ya mlinzi wa katikati, maili 106. Ya pili mpira wa chini, akakimbia kama nyumba inaungua, akatolewa kwa nusu hatua. Ya tatu 104, glavu tena, na akacheka. Ya nne straikauti, alikua amechoka. Shemeji yangu anasema "huyu hamna kitu." Wiki iliyofata alikua ligi kuu.

ABS ndo nini na inahusu nini tathmini?

Ni mfumo wa kompyuta unaosema mpira ulikua straiki au la. Triple-A wameufanyia majaribio miaka kadhaa, na ligi kuu wameidhinisha ule wa kukata rufaa, mchezaji akipinga uamuzi wa refa, kuanzia 2026. Ukilinganisha woki za Triple-A za miaka tofauti kumbuka kwamba refa alikua anabadilikabadilika, kuna misimu mashine ilikua inaita kila mpira siku fulani za wiki na siku nyingine rufaa tu. Usimsifie dogo kwa woki ambazo nusu kapewa na kompyuta.

## Msimu umeisha, sasa nini?

Arizona Fall League niiamini?

Kidogo. Inaanza Oktoba, timu sita, kila timu ya ligi kuu inapeleka madogo wachache. Wapigaji wanang'aa kwa sababu hewa ni kavu na warushaji bora wameshamaliza mzigo wao wa mwaka wako nyumbani, wanaobaki ni wale waliokua majeruhi wanafidia inningi. Hata Jordan alipiga .252 kule 1994, na ushasoma yake. Itumie kuangalia mtu ametoka kwenye jeraha au anajifunza nafasi mpya.

Rule 5 ni nini, nielewesheni kwa mara ya mwisho.

Ni mgao wa Desemba unaozuia timu kuficha watu. Dogo aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano lazima awekwe kwenye orodha ya 40. Aliyesaini na 19 au zaidi, misimu minne. Asipowekwa timu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba akae nao ligi kuu mwaka mzima, akishindikana arudishwe. Roberto Clemente alichukuliwa hivyo na Pittsburgh 1954 baada ya Dodgers kumuweka Montreal, timu yao ya ligi ndogo, ambako alipiga .257 kwa kuchezeshwa kwa vipande vipande. Aliishia na hiti 3,000 ligi kuu. Kwa hiyo orodha ya Novemba isome, ndo sehemu pekee ambayo timu inasema ukweli wake kwa vitendo.

Dogo wangu kaachwa, alikua mbaya hivyo?

Nafasi ni chache. Tangu 2024 timu inaruhusiwa wachezaji 165 tu wa ligi ndogo wanaochezea Marekani, kabla ilikua 180. Na pesa ya kusaini ina kauli: aliyelipwa milioni mbili atapewa misimu mitatu ya kuharibu, aliyelipwa kidogo anaharibu Mei tu. José Altuve alisaini kwa dola 15,000 baada ya kufukuzwa siku ya kwanza kwa ufupi wake akarudi kesho yake. Angeanza vibaya kidogo tusingemjua.

## Kesi ngumu

Kapandishwa ligi kuu Agosti akachemka, tumtoe kwenye orodha?

Subiri. Mike Trout 2011 mechi 40, averegi .220, mwaka uliofata mgeni bora wa mwaka. Aaron Judge 2016 .179, straikauti 42 katika zamu rasmi 84, na mwaka uliofata homurani 52. Jackson Holliday alipanda madaraja manne 2023, Aprili 2024 akaanza ligi kuu kwa hiti 2 katika 34 akarudishwa chini. Wiki sita za ligi kuu zina uzito mdogo kuliko misimu mitatu iliyotangulia. Isipokua kama zinathibitisha kile ulichokua unakiogopa, kama Wood pale juu.

Nguvu zimepotea ghafla mwaka huu, kulikoni?

Tafuta habari ya mkono kwanza. Kuna kifupa kidogo cha kiganjani kinavunjika kwa kubanwa na kitako cha gongo, kinatolewa, dogo anarudi baada ya wiki chache lakini homurani zinaweza kuchelewa mpaka msimu ujao. Nimeshawahi kumtupa mtu kwa hilo, nikaja kumuona Akron anapiga ukuta.

Hawezi kupiga kabisa, ndo mwisho wake?

Kama ana mkono, hapana. Kenley Jansen alikua mdakaji wa Dodgers asiyejua kupiga, 2009 wakamgeuza mrushaji, 2010 akawa ligi kuu na akaja kuokoa mechi (kuingia mwisho timu ikiongoza na kulinda ushindi) zaidi ya 400.

Kuna Mwafrika amewahi kupita njia hii yote? Na Waganda tunaosikia?

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pittsburgh walimsaini 2008, na alifika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, wa kwanza kabisa aliyezaliwa Afrika. Miaka karibu tisa! Kila Septemba ungefungua namba zake za kupiga ungesema huyu basi, straikauti nyingi, averegi ya kawaida. Ila glavu yake ilikua ya kiwango kingine, na glavu haionekani kwenye yale mabano ya takwimu mnayonitumia. Zamu yake ya kwanza juu alimpiga Jon Lester hiti, watu wa kikosi kizima wamesimama.

Uganda ndo inakuja. Timu ya watoto ya Lugazi ilienda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto 2012, ya kwanza toka Afrika kucheza pale na ikashinda mechi, Dennis Kasumba mdakaji alicheza MLB Draft League (ligi ya vijana wanaotafuta kusainiwa) 2023, na Dodgers na Pirates wameshasaini vijana wa Kiganda. Hao ukiwapima kwa umri na daraja tu utawaonea, dogo wa Dominika akiwa na 19 ana miaka saba ya kucheza kila siku, wa Kampala wengine walikua wanapeana glavu moja. Kwao mimi naangalia namba ya Aprili na ya Agosti ya mtu huyohuyo. Straikauti zimepungua? Kasi imeongezeka? Basi.

Msimu mpya unaanza lini nije Columbus tuangalie wote?

Triple-A mwisho wa Machi, nyingine mwanzoni mwa Aprili. Njoo Mei. Ukija Machi ukaona mpigaji amevaa soksi ya uso usiniambie sikukwambia.